Keki ya Tansy na Kofia ya Zimamoto

Wewe umewahi kuambiwa urudishe keki ambayo imeshaliwa? Mimi nimeambiwa. Na aliyeniambia hakuwa mlevi wala mtoto. Alikuwa kijana wa heshima zake, ana tai ya buluu na viatu vinavyong'aa, amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, kalamu mkononi, anasubiri nimjibu.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2019, hapahapa bonde la Spicewood, kwenye milima ya Kentucky. Siku hizi sheria imebadilika, wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kuuza majina yao mpaka kwenye matangazo ya magodoro. Wakati ule, ole wako. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikiruka hata tabaka moja, keki haitasimama.

Mjukuu wangu Tansy nilimlea mwenyewe tangu akiwa na miaka minne. Mwaka huo alikuwa na ishirini, yuko mwaka wa tatu chuoni, anacheza mpira wa kikapu kwenye timu ya wanawake, jezi namba kumi na nne. Mwembamba, mikono mirefu kama ya babu yake, na macho ambayo hayaufuati mpira, yanautangulia. Timu yao ikaingia fainali ya ligi kwa mara ya kwanza tangu chuo kijengwe. Bonde zima likapagawa. Dukani Tansy, kanisani Tansy, kwenye foleni ya dawa Tansy. Jirani yangu alipata mtoto wa mbwa akamwita Kumi na Nne, na mbwa mwenyewe alikuwa jike mvivu asiyekimbilia hata mfupa.

Chuo kilimlipia ada, chumba na chakula. Hilo ni jambo kubwa, silidharau, mimi niliyeishia darasa la nane nikaacha shule ili nilee wadogo zangu. Lakini pikapu yake ilikuwa na dirisha la nailoni lililobandikwa kwa utepe wa gundi, na mdomoni alikuwa na jino bovu upande wa kushoto, akawa anatafuna upande mmoja kama ng'ombe mzee. Bima ya timu ilitibu goti, ilitibu kifundo cha mguu; jino haikulitambua. Kibarua angefanya saa ngapi? Mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kisha darasa, kisha mazoezi tena, kisha basi la safari. Waandishi wa magazeti wakimuuliza kama wachezaji wa vyuo wanastahili kulipwa, alijibu vile walivyomfundisha: "Nashukuru kwa nafasi niliyopewa." Kila mara maneno hayohayo, na tabasamu lilelile la mdomo uliofungwa ili jino lisionekane. Mimi nikadhani ndiyo yaliyomo moyoni mwake.

Sasa tuje kwenye keki.

Kikosi chetu cha zimamoto ni cha watu wa kujitolea, na pampu ya gari lao ilikuwa imekufa. Mkuu wa kikosi, Hobart Spicer, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha maiti, akaitisha mnada wa keki kama mama zetu walivyofanya. Mnada wetu una desturi zake. Kila keki inabeba jina la mwanamke aliyeioka. Wanaume wanapandishiana bei. Anayeshinda anatia hela kwenye kofia ya zimamoto, kisha anakaa na mwokaji kwenye benchi moja, wanaila keki pamoja, uma mbili sahani moja. Na bei ikishatamkwa hairudi. Mwanaume anayedai hela yake baada ya mnada wa keki, watu watamsema mpaka waandike kwenye jiwe la kaburi lake.

Kocha alikuwa amewapa wasichana siku tatu za kupumzika kabla ya wiki ya fainali. Tansy alifika Alhamisi asubuhi, wiki moja kabla ya yule kijana wa tai kuja, tukaoka siku hiyohiyo, kwa sababu keki ya matabaka haitaki haraka. Unachemsha matufaha makavu mpaka yavurugike kama uji mzito, unatia mdalasini na asali nyeusi ya mtama. Unga unausukuma mwembamba, unauoka kwenye kikaango cha chuma, tabaka moja moja, ngumu kama biskuti. Unapanga tabaka, unapaka matufaha, unapanga tabaka, unapaka. Kisha unaifunika kwa kitambaa na kuiacha ilale siku mbili mpaka ilainike. Ya Tansy ilikuwa na matabaka kumi na mawili. Kwetu, ukipita nane, watu wanavua kofia.

Nilipochukua kipande cha boksi niandike jina, akanishika mkono.

"Bibi, usiweke jina langu. Andika lako. Tuna kitabu cha kanuni, kinene hivi, kinasema jina letu lisitumike kuuzia kitu."

"Kanuni za mpira zinahusu mpira, mwanangu. Hii ni keki."

"Bibi, nakwambia ukweli."

"Na mimi nakwambia ukweli. Umeisukuma mwenyewe, umeipaka mwenyewe, niandike jina langu niwe mwizi uzeeni?" Nikaandika kwa herufi kubwa: TANSY DEATON. Mkono wangu huu huu. Hakubishana tena. Nimemfunza adabu, na siku ile adabu hiyo ilituponza.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Hobart, kwa akili zake, alikuwa ametundika nyuma ya meza jezi namba kumi na nne, ile inayouzwa kwenye duka la chuo kwa dola sabini. Akainua keki juu kama mtoto wa ubatizo.

"Mnamjua huyu? Nauliza, mnamjua huyu? Mfungaji bora wa ligi nzima! Tansy Deaton! Matabaka kumi na mawili, nimehesabu mara mbili! Nani anaanza?"

Ilianza dola ishirini. Mwenye duka la matairi akasema hamsini. Kwenye kona ya nyuma akasimama Burl Fugate.

Huyu Burl lazima umjue. Ni jirani yangu ng'ambo ya kijito, miaka sabini na minane, mjane, alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja, na mgongo wake umebaki umekunjika kama bado yuko chini. Hakuna mtu aliyempenda Tansy uwanjani kuliko yeye, na hakuna aliyepinga wachezaji kulipwa kuliko yeye. Kila asubuhi, pale dukani kwenye jiko la kuni, alikuwa anahubiri. "Ukimlipa mwanafunzi umeua mchezo. Atacheza kwa mfuko badala ya moyo. Wamepewa shule bure, wanataka nini tena, taji?" Nami nikimwambia, Burl, mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kila siku akaagizwa pa kwenda mpaka usiku, wewe ulipokuwa mgodini hiyo uliiita nini? Ananijibu, "Mgodini hatukupigiwa makofi, Vesta."

Basi Burl akasema mia.

"Mia na hamsini!" Mwenye matairi.

"Mia mbili."

"Burl, kaa chini, utalala njaa!" mtu akapiga kelele.

"Nitalala na keki. Mia tatu."

Ukumbi ukaguna. Watoto wakapanda juu ya viti. Mwenye matairi akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. "Mia tatu na hamsini," akasema, sauti imepungua.

"Mia nne," Burl akasema, na akagonga mkongojo wake sakafuni. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye taa.

Hela ikaingia kwenye kofia, na kofia ikapitishwa mkono kwa mkono kurudi mbele, kila mtu akichungulia ndani. Tansy alikuwa benchi ya kwanza. Aliifuata kofia ile kwa macho, ikampita puani, ikaenda mpaka kwenye sanduku la chuma la Hobart, na hata kifuniko kilipofungwa aliendelea kulitazama. Nikajisemea, maskini, mtoto ana usingizi.

Hapo honi ikalia nje. Mwenzake wa timu amekuja kumchukua, ilibidi wawe bwenini kabla ya saa tatu usiku. Akanibusu, akamwambia Burl, "Samahani Mzee Burl, natakiwa," akakimbia. Burl akabaki kwenye benchi na keki yake na uma mbili. Akaibeba kwake, akaila siku nne.

Na Hobart akaurusha mnada mzima kwenye simu, dunia nzima ione.

Ndipo Alhamisi iliyofuata akaja yule kijana wa tai. Anaitwa Preston Whitlow, kazi yake pale chuoni ni kulinda kanuni za wanamichezo. Nilimpa kahawa na mkate wa mahindi. Kahawa akanywa. Mkate akautazama kama unaweza kumshtaki.

"Bi Deaton, jina la mchezaji limetumika kuuza bidhaa. Namba yake pia. Kikanuni Tansy amesimamishwa."

"Asicheze Jumamosi?"

"Asicheze kabisa, mpaka mauzo yafutwe. Mnunuzi apokee hela yake, atie saini mbele yangu, na bidhaa irudishwe."

"Bidhaa ipi?"

Akaishusha kalamu. "Keki."

"Mwanangu, ungekuja Jumatatu ungekuta robo."

Masikini akaona haya, masikio yakawa mekundu. "Basi tuandike kwamba imetumika. Lakini hela lazima irudi na saini niipate Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Mechi ni saa nane. Ikifika saa sita na dakika moja jina lake haliko kwenye orodha."

"Na ile jezi yake inayouzwa dukani kwenu dola sabini, yenyewe inafutwa lini?"

"Hiyo," akasema polepole, "ni namba tu, mama. Haina jina."

Nikamwangalia mpaka akamaliza kahawa.

Kosa lilikuwa langu, mwandiko ulikuwa wangu. Nikavuka kijito jioni ileile, nikamweleza Burl yote. Nilidhani atasema, lete hela niweke saini. Akakwaruza kidevu.

"Siwezi, Vesta."

"Huwezi nini?"

"Kurudisha bei. Baba yangu hakurudisha bei, babu yangu hakurudisha bei. Nipokee hela ya zimamoto mkononi? Mbele ya watu? Waniite Burl Mrudisha Keki?"

"Tansy hatacheza!"

"Waambie waje wanifunge mimi. Nilinunua keki. Nimekula keki. Nimelipa."

Ijumaa nikarudi, nikamkuta kazima taa na gari lake liko uani. Nikamwambia kupitia mlango kwamba mtu mwenye kiburi akizikwa haongezewi shimo. Hobart naye alienda na sanduku la chuma, akafukuzwa na mbwa wa Burl.

Mimi nikiwa na wasiwasi naoka. Tangu Alhamisi usiku nilikuwa nimeoka keki nyingine, matabaka kumi na mawili, bila sababu, mikono tu ilitaka kazi. Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Tansy, yuko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa bila jezi wakati wenzake wanavaa kwa mazoezi ya asubuhi.

"Usilie, Bibi," ananiambia mimi! "Na usimgombeze Mzee Burl. Mimi ndiye nilimkosea. Sikukaa naye hata kula kipande kimoja. Nilimwachia uma mbili."

Nikasema, "Umesema nini?"

"Nilimwachia uma mbili, nikaondoka."

Nikakata simu bila kuaga, Mungu anisamehe. Nilivaa koti, nikasahau kuvua aproni. Nilivuka kijito kwa miaka yangu sabini na sita kama mbuzi.

"Burl Fugate, fungua!"

"Nimeshakwambia, Vesta."

"Mwaka wa hamsini na tisa! Pai ya tunda jeusi!"

Kisha nikasikia mkongojo. Mlango ukafunguka kidogo.

"Mnada wa shule ya zamani," nikamwambia. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wewe ulinunua pai yangu kwa senti sabini na tano. Kabla hatujakaa, baba akaja kunichukua kwa sababu ng'ombe anazaa. Nikaondoka. Na mwalimu alisema nini mbele ya watu wote?"

Burl alitazama viatu vyake. "Alisema mwokaji asipokaa na mnunuzi, biashara haijakamilika."

"Akakurudishia?"

"Akanirudishia."

"Kuna aliyekucheka?"

"Hakuna." Akainua macho. "Unakumbuka ni mimi?"

"Pai ilikuwa yangu, Burl, nitasahauje? Sasa niambie, Jumamosi iliyopita, Tansy alikaa na wewe?"

Nikauona uso wa mzee yule unavyofunguka, mkunjo baada ya mkunjo, kama pazia. "Hakukaa!" akasema. "Yule mtoto hakukaa! Nilikula peke yangu!" Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Nadai hela yangu! Hobart yuko wapi? Nadai hela yangu kwa haki!"

Saa nne na dakika tano tulikuwa kwenye pikapu ya Burl, watatu kiti cha mbele: Burl kwenye usukani, Hobart katikati na sanduku la chuma, mimi mlangoni na keki mapajani. Usiniulize kwa nini nilibeba keki. Ungeiacha wewe? Safari ni saa moja na nusu, barabara inajikunja kama utumbo wa kuku, na kila kona unakutana na lori la makaa.

"Ongeza mwendo, Burl!"

"Nikiongeza keki itafika kabla yetu!"

"Hobart, vuta tumbo, siwezi kubadilisha gia!"

"Hili si tumbo, ni sanduku!"

Tukafika kwenye mlima wa mwisho, magari yamesimama mstari mrefu. Jabali limeporomoka, limeziba upande mmoja wa barabara, na upande wa pili kila dereva anamngoja mwenzake. Saa tano na dakika kumi na mbili. Burl akapiga usukani. Nikaanza kusali kwa sauti.

Hobart akanipa sanduku, akavaa fulana yake ya zimamoto inayong'aa, na kofia, ile ile iliyobeba hela. Akashuka. Ile sauti yake, ambayo miaka yote tumeilalamikia kanisani, siku ile ilikuwa tarumbeta ya Bwana. "Wewe mwenye lori, simama! Gari jekundu, pita! Pita, mama, usitazame jiwe, jiwe halikutazami!" Dakika kumi na tano mstari mzima ukapita, na sisi tukapita, tukamchukua huku gari linatembea, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Saa tano na dakika hamsini na tatu Burl alisimama mbele ya meza ya Whitlow, anahema. Hobart akahesabu noti mezani. Burl akazipokea, akaweka saini, akasema kwa sauti ili kila mtu ofisini asikie, "Si kwamba narudisha bei, kijana. Mwokaji hakukaa. Andika hivyo."

Whitlow akatutazama mmoja mmoja. Akatazama aproni yangu. "Niandike... mwokaji hakukaa?"

"Ndivyo."

Akaandika. Akapiga muhuri. Kisha akainuka, na huyo kijana wa tai akakimbia, nakuapia, alikimbia kwenye korido mpaka soli zikalia, kwenda kuliingiza jina.

Mechi nitaisimuliaje? Watu elfu tano, na nadhani nusu yao wamevaa namba kumi na nne. Mimi nilikuwa na yangu niliyoishona mwenyewe kutoka kwenye shuka, maana dola sabini ni umeme wangu wa mwezi. Tansy alipotoka mlangoni, Burl alisimama mpaka mgongo ukanyooka. Sijawahi kumwona mrefu vile.

Wale wapinzani walikuwa na wasichana wakubwa kama milango ya ghala. Walitutangulia pointi tisa. Tansy akafunga kutoka mbali, mpira haukugusa hata ukingo wa kikapu. Akaiba mpira. Akafunga tena. Akaanguka vibaya, akainuka anasugua kiwiko. Sekunde kumi na moja zimebaki, tuko nyuma pointi moja, mpira uko mkononi mwake, na wawili wamemrukia. Uwanja mzima unapiga kelele, "Rusha! Rusha!" Burl ananibana mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Hakurusha. Bila hata kutazama akaupitisha mpira chini ya kwapa la yule mkubwa, ukamkuta msichana wetu mrefu, ambaye siku nzima hakuwa amefunga hata kimoja. Msichana akashtuka kama aliyepewa mtoto mchanga. Akaweka kikapuni. King'ora!

Nilimkumbatia Hobart. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Burl alikuwa analia waziwazi, anajipangusa kwa jezi yake ya dola sabini. Njiani kutoka tulipita mbele ya lile duka la chuo, foleni imezunguka jengo, wanauza namba kumi na nne mpaka zimekwisha, na msichana wa kaunta anasema, "Jumatatu zinakuja nyingine."

Tulimngoja Tansy nyuma ya uwanja, kwenye maegesho. Burl alishusha mlango wa nyuma wa pikapu ukawa meza. Nikafunua keki. Imelala siku mbili na safari moja, imelainika vizuri. Tansy akaja, nywele mbichi, medali shingoni, akatukimbilia.

"Kwanza kaa," Burl akamwambia, akapigapiga bati kando yake. "Unanidai na nakudai. Bibi yako kaleta uma mbili."

Ndipo akatokea Whitlow, kalegeza tai. Akaitazama keki.

"Nani ameoka?"

"Bibi yake," nikasema.

"Imeuzwa?"

"Haijauzwa."

"Ina jina?"

"Haina hata herufi."

Akafikiri. "Mchezaji anaruhusiwa kulishwa na bibi yake," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi je, kuna kipande?" Nikamkatia kinene.

Burl akazitoa zile mia nne mfukoni, akampa Hobart. "Za pampu. Hazina keki, hazina jina, ni mzee tu mwenye hela." Hobart akavua kofia, akazitia ndani, akaushika ukingo. Na pale nikaona tena macho ya Tansy yanavyoifuata kofia. Safari hii hakuwa na usingizi. Burl naye aliona.

"Mwanangu," akasema, "miaka mitatu nakusikia unawajibu wale wa magazeti jibu moja. Na mimi dukani nimekusemea sana, nimesema unacheza kwa moyo, hela hutaki. Jumamosi iliyopita nililipa mia nne kwa jina lako, nikaambiwa jina lako si mali yako, na leo kwenye duka la chuo nimeona watu wamepanga foleni kulinunua. Sasa sijui tena nilichokuwa nasema. Hapa hakuna mwandishi. Huyu wa tai ana mdomo umejaa. Ile siku ya mnada ulikuwa unataka nini?"

Tansy alitafuna polepole, upande wa kulia. Alinitazama, nami nikamwambia kwa macho, sema. Akaweka uma chini.

"Nacheza kwa moyo, Mzee Burl. Hilo ni kweli. Lakini ile kofia iliponipita, nilikuwa najua hela zile zimetoka kwa sababu yangu, na jino linaniuma, na sikuwa na mafuta ya kunirudisha chuoni." Akafungua mdomo wote bila kuficha chochote. "Nilitaka isinipite. Nilitaka nilipwe."